Mkono wa Wifi

Saa ya chai mkono wa wifi ulitoka kwenye kioo cha kompyuta, bangili zikilia. Mshonaji alisogeza kikombe kisimwagike. Mkono ulishika mchoro wa gauni uliokuwa wazi kwenye kioo, ukaukunja vizuri, ukarudi nao ulikotoka.

Lilikuwa gauni la harusi la binti wa pekee wa mshonaji. Alikuwa akilichora tangu binti alipochumbiwa, anafuta kola, anairudia.

Wifi alikuwa na duka la nguo mtaa wa pili, na watu walisifu kipaji chake. Kipaji chenyewe kilitoka humu, chumba cha nyuma, mchoro mmoja baada ya mwingine. Mshonaji alikuwa amenyamaza miaka yote, maana wifi ni wifi, ukigombana naye umegombana na ukoo mzima. Mikono mingine ilikuja pia: wa binamu ya mume, wa jirani aliyehama, na mmoja mwembamba usiojulikana ni wa nani, uliopenda kupekua picha. Hiyo aliivumilia. Ila gauni la binti lilimkaa kooni, akaita fundi wa kompyuta.

Fundi alivaa miwani, akafungua mipangilio, akaguna.

“Mama, vitu vyako vimefunguliwa kwa kila mtu. Hii ni nyumba isiyo na mlango.”

“Funga.”

Fundi alimwondoa binamu, na mkono wa binamu ukajivuta ndani. Akamwondoa jirani. Ule mwembamba ulipunga kidogo kabla ya kwenda, una adabu zake. Akazima ile hifadhi ya mtandaoni iliyokuwa ikipeleka nakala za picha nje bila kuulizwa. Mkono wa wifi ulibaki mezani, ukichezea sindano.

“Huyu siwezi kumtoa,” fundi alisema. “Akaunti ni yake. Wewe ndiye mgeni humu. Unaruhusiwa kuangalia, kuongeza na kutoa wageni wenzako, basi.”

Mume aliporudi kutoka kazini aliulizwa, naye hakuona la kuficha.

“Siku tunafungua akaunti, simu yangu ilikuwa imezima. Namba ya siri ikatumwa kwa simu ya dada. Kuna ubaya gani? Damu nzito kuliko maji.”

“Na mimi ni maji?”

Mume alichukua simu. Alimpigia dada yake, akamweleza kwamba kuna mtu anachezea mashine. Wifi alisikitika sana. Akabadili neno la siri na kuwaachia wageni wote ruhusa ya kuangalia tu, kwa usalama wa familia.

Asubuhi mshonaji alinyoosha mkono achukue mkasi, vidole vikaupita kama moshi. Akajaribu uzi, kitambaa, gurudumu la cherehani. Ni yale yale. Kikombe kilishikika. Sufuria ilishikika, na ufagio pia.

“Afadhali,” mume alisema akimimina chai. “Kazi za nyumbani hazijaguswa. Halafu si unaona lakini?”

Aliona, na kuona kwenyewe kulimuuma kuliko upofu. Kila siku alipita mtaa wa pili, akasimama dirishani, akamtazama wifi akikata kitambaa. Wifi alimpungia mkono, ule ule. Chini ya kwapa la gauni mshonaji alikuwa amechora mkunjo mdogo, kwa sababu binti ana bega moja lililo juu kidogo, jambo ambalo mama mzazi ndiye hulijua. Wifi hakuelewa mkunjo ule ni wa nini, akaacha kuushona. Mshonaji aligonga kioo, akaeleza kwa ishara. Wifi alitabasamu, akaendelea kushona.

Siku ya harusi binti alitoka chumbani amependeza. Watu walimpongeza shangazi, na shangazi akapokea pongezi. Binti akamvuta mama yake pembeni.

“Mama, linanibana hapa kwapani. Nirekebishie, hata kidogo tu.”

Mshonaji alipeleka mkono. Vidole vilipita kwenye kitambaa bila kukihisi, vikagusa ngozi ya mwanawe, ya moto, imeshaanza kuchubuka.

“Vumilia kidogo, mwanangu,” alisema. “Nakuitia shangazi yako.”