Breki za Baiskeli ya Kijani

Wewe unayepanda baiskeli kila siku, umewahi kuinama ukatazama ni nini hasa kinachoisimamisha? Wengi hudhani ni nguvu za mkono. Mkono unavuta waya tu. Waya unakaza vyuma viwili vilivyolikumbatia gurudumu kwa juu, na kwenye ncha za vyuma hivyo kuna raba mbili, kila moja haizidi kidole gumba, zinazoibana rimu huku na huku. Basi. Mtu mzima na mzigo wake, na mteremko wote anaoushuka, anazuiwa na viraba viwili.

Hermelinda alilijua hilo vizuri. Yeye na mumewe Leobardo walikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli katika mji mdogo karibu na Puebla, Meksiko. Kila Desemba, kundi la mtaa wao lilipojiandaa kwenda kuhiji kwa Bikira wa Guadalupe, Leobardo alishika minyororo na magurudumu, na breki zote zikapita mikononi mwa mkewe. Siku ya safari wanaume walipanda baiskeli, kila mmoja na picha ya Bikira mgongoni. Wanawake walifuata kwa lori, pamoja na masufuria ya tamale, maandazi ya unga wa mahindi yaliyofungwa majanini. Miaka yote Hermelinda alikaa kwenye lori hilo, sufuria mapajani, akitazama breki zake zikiushuka mlima wa Río Frío bila yeye.

Mwaka huo alikuwa ameunda baiskeli. Fremu ya kijani aliitoa kwa muuza vyuma chakavu, usukani ukatoka kwenye baiskeli iliyogongwa, rimu akazinyoosha spoku moja baada ya nyingine. Leobardo alipouliza ni ya nani, alijibu, "Ya mteja." Si kwamba mumewe alikuwa mkali, la. Angecheka tu, na kicheko hicho ndicho alichokiogopa. Basi neno likawa linafika kooni, linageuka, linarudi tumboni.

Siku ya kubariki baiskeli ikafika. Jioni padre angezinyunyizia maji uani mwa kanisa, kwa hiyo tangu asubuhi watu walikuwa wakizifunga maua ya karatasi. Hermelinda alirudi sokoni na majani ya kufungia tamale, akakuta baiskeli za kibandani zimepangwa ukutani zinameremeta, ile ya kijani ikiwa ya mwisho. Pembeni alisimama Chon, baba wa ubatizo wa binti yao, ambaye kwa sababu hiyo alimwita Hermelinda "komadre".

"Komadre, umeniokoa!" Chon akasema. "Yangu imevunjika uma wa mbele. Leobardo anasema hii mwenyewe hajaja kuichukua."

"Mwaka mzima hajaja," Leobardo akadakia. "Mteja gani huyo? Mzimu? Mpe Chon aende nayo."

Hermelinda akafungua mdomo. "Ijaribu kwanza," ndiyo maneno yaliyotoka.

Chon akaipanda, akateremka nayo mtaa wa kanisa huku akipiga mluzi. Pale chini, penye kona, wakamwona anabana breki. Baiskeli haikujali. Akabana tena, akapiga kelele, "Bikira mtukufu!" kisha akaingia mzima mzima kwenye lundo la mabua ya mahindi ya mama muuza atole.

"Weeee!" mama yule akafoka. "Hapa nauza uji, siuzi vitanda!"

Chon akapanda mtaa akiikokota, majani kwenye masharubu. "Komadre, hizi breki au mapambo? Huyo mteja wako ungemuua!"

"Sijawahi kuona breki zako zikikataa," Leobardo akasema polepole. Hilo lilimchoma mkewe kuliko maneno ya Chon.

"Basi iache," Chon akasema. "Nitaazima ya shemeji."

Hapo ingetosha anyamaze. Baiskeli ingebaki ukutani, mbovu machoni pa watu, lakini yake. Lakini mikono ilikuwa imeshalinyanyua gurudumu la mbele. Akalizungusha, akabana. Waya umekaza sawa. Raba zinafika kwenye rimu sawa, zote kwa pamoja. Hata hivyo gurudumu likateleza taratibu katikati yake, kama sabuni kiganjani. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Leobardo, umepaka nini?"

"Yale mafuta ya kung'arishia kabati la sanamu ya Bikira," mumewe akasema, tena kwa fahari. "Padre anakuja. Nimezing'arisha rimu zote."

"Zote?"

"Zote."

Wakatazamana. Leobardo akaketi juu ya ndoo. "Mama yangu," akanong'ona, "na mlima ule."

Hakuna aliyecheka. Hermelinda akaleta spiriti na vitambaa, wakaanza na ile ya kijani. Akapangusa rimu pande zote mbili mpaka kitambaa kikatoka kikavu na cheupe. Akazifungua raba, akazikwangua uso kwa msasa, maana raba iliyokunywa mafuta huteleza hata juu ya rimu safi. Alipozirudisha, alichomeka kipande cha kadi kati ya rimu na ncha ya nyuma ya kila raba kabla ya kukaza nati, ili sehemu ya mbele iguse kwanza, breki isipige kelele. Akachomoa kadi. Akalizungusha gurudumu, akabana kwa vidole viwili tu.

Tap. Likasimama.

Chon akajaribu mwenyewe. Akazungusha, akabana, akazungusha tena kwa nguvu zaidi. Kila mara, tap. "Aisee," akasema. "Mkono wako huu, komadre! Basi naichukua. Jumapili naishuka Río Frío kama malaika." Akashika usukani.

Hermelinda hakuuachia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye breki, umeibana, na Chon alipovuta, gurudumu halikwenda popote.

"Mbona umeing'ang'ania hivyo?" Leobardo akauliza kutoka kwenye ndoo.

Hermelinda alijua kicheko kinaweza kuja sasa hivi, tena cha watu wawili. Akamtazama mumewe.

"Hakuna mteja," akasema. "Ni yangu. Nataka kwenda kwa Bikira kwa baiskeli, Leobardo, pamoja nanyi."