Akiba ya Mshono

Wateja walimwita Sindano, na tangu usichana wake jina hilo lilimvimbisha kichwa. Walimsifia ushonaji na kumtania wembamba. Yeye alisikia sifa mbili. Binadamu wote hushindwa na njaa, yeye aliishinda mwaka baada ya mwaka. Ukimkaribisha chakula, jibu lake lilikuwa lile lile: "Nimekula nilikotoka." Alikotoka ni kwenye cherehani, na cherehani haipiki.

Usidhani hakupenda chakula. Alikiwaza kutwa, akawapikia wengine wakajilamba vidole, kisha akakaa juani na sweta, akitetemeka. Kichwani mwake kulikuwa na msimamizi mkali aliyemhesabia kila tonge, na msimamizi huyo hakuridhika kamwe.

Siku alipoangukia cherehani, mama yake, aliyemfundisha kushona, alimkimbiza hospitali. Daktari hakumung'unya maneno: akiendelea vile, moyo utasimama. Alilazwa miezi. Alikula huku analia, siku nyingine akashindwa, kesho yake akaanza upya.

Aliporudi nyumbani alivaa gauni lake la buluu, lile alilolibana kila alipopungua. Zipu ikagoma katikati ya mgongo. Hofu ikamshika. "Si nilikwambia?" msimamizi akadakia, na papo hapo Sindano akaapa kwamba leo hali kitu.

Mama akaingia na sahani, akaona zipu, akaelewa.

"Lete tufumue mshono, mwanangu. Kazi ndogo hiyo."

Akaligeuza gauni nje ndani, akapapasa mshono. Hapakuwa na cha kufumua. Kila alipolibana, Sindano alikata kitambaa kilichobaki hadi kwenye uzi, asipate njia ya kurudi. Yeye, aliyewaachia wateja akiba ya kitambaa ya vidole viwili ndani ya mshono na kuwaambia kwamba mwili si ubao!

"Mimi nilikufundisha hivi?"

"Hapana, mama."

"Asiyehitaji akiba ni maiti peke yake. Ulikuwa unamshonea nani?"

Sindano akapitisha kidole kwenye mshono uliokatwa. Aliona haya, haya ya fundi aliyefumaniwa na kazi mbovu, na kwa mara ya kwanza haya hiyo ikaizidi hofu.

"Kile kitambaa cha kijani bado kipo?" akauliza.

Mama alimpima huku amegeuza futi ya kupimia ili Sindano asizione namba, akachora kwa chaki. Sindano akakata. Chakula kwenye sahani kilikuwa kimepoa. Alikila hivyo hivyo, kijiko baada ya kijiko, huku mama akijifanya anatafuta uzi uliokuwa mkononi mwake.

Gauni lilipokamilika, mama alilipindua, akaweka vidole juu ya mshono. Machozi yakamlengalenga, kifua kikamjaa fahari.

"Umeacha viwili."

"Wateja wangu wote nawaachia hivyo," Sindano akasema, kichwa juu, mkono kifuani pake. "Na huyu nataka arudi."