Kaburi la Kwanza la Matonya

Siku walipomzika baba yangu mara ya kwanza, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa tembe letu, anakula ugali wa uwele kwa mlenda. Walimpita bila kumsalimu. Mbele alikuwa Ndahani, amejifunga lubega ile kaniki ya baba, anachechemea mguu wa kushoto kama baba alivyochechemea, huku akipunga usinga wa baba hewani kwa madaha ya kijinga. Nyuma yake kijiji kizima kilikuwa kinalia. Walilia vizuri, lazima niseme. Wengine walitoa machozi ya kweli kwa kucheka.

Waliingia zizini, mahali tulipokuwa tukiwazika wazee wenye miji yao, wakachimba shimo la kwenda magotini. Wakauweka usinga ndani, wakafukia, wakaketi juu ya udongo na kuanza kusimulia habari za marehemu: alivyokuwa mkaidi, alivyokuwa na sauti ya beberu, alivyopenda ugoro. Baba alibaki na tonge mkononi. Nilimwona anatafuta uso wa kuwaonyesha. Mwishowe akaanza kucheka nao, na kicheko chake ndicho kilichodumu kuliko vyote.

Kwetu mtu hazikwi na ndugu zake peke yao. Ukoo wa watani ndio hushika jembe kwanza. Ndio huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, humtukana maiti mpaka wafiwa wacheke, na bila wao hakuna jirani anayethubutu kuigusa ardhi. Ukoo wa Ndahani walikuwa watani wetu. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwita baba bila tusi, wala baba akimjibu bila tusi, na hawakuwa na ruhusa ya kukasirikiana. Watu wa siku hizi wakiusifu utani, husema kana kwamba jambo hili lina uzuri tu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mpira. Jumapili mjukuu wangu Silvano alirudi kutoka uwanjani hana sauti. Timu yake imefungwa tena, na kocha, kwa maneno yake, ni gunia la pumba. “Bibi, yule safari hii tunamzika,” akasema, akanawa mikono, akala vizuri. Nilimtazama akitafuna. Yeye mwenyewe hajui kupiga danadana hata tatu.

Sisi hatukuwa na mpira, tulikuwa na ngoma. Kila sikukuu ya Kaizari, katikati ya mvua za kilimo, vijiji vilikwenda Dodoma kushindana mbele ya boma la Wadachi. Wanawake walipiga muheme, ngoma zimebanwa kati ya mapaja, wanaume wakaimba na kuruka, na kiongozi akasimama mbele na usinga wake. Kiongozi wetu alikuwa baba, Matonya. Nilipokuwa mdogo hatukujua kushindwa. Walikuwa wakimbeba baba mabegani kutoka Dodoma mpaka kwetu, karibu na Haneti, mguu wake mbovu ukining’inia, na aliyekuwa akimbeba mara nyingi ni Ndahani.

Kisha watu wa Makutupora wakavaa kofia nyekundu. Wakapata filimbi, wakajipanga mistari kama askari, wakawa wanageuka kulia na kushoto kwa pamoja, na bwana shauri, Mdachi mkubwa wa boma, akapiga makofi. Mwaka uliofuata akapiga makofi tena. Sisi tukawa tunarudi nyumbani kwa miguu yetu, ng’ombe wa ushindi ameswagwa kwenda kwingine.

Hapo ndipo kila mtu alipokuwa hodari wa ngoma. Kwenye pombe hakukuwa na mazungumzo mengine. Mtu ambaye hakuweza kupiga makofi bila kupotea alieleza kwa kirefu jinsi wapigaji wanavyotakiwa kukaa. Waliokuwa na mabinti walisema baba anawapendelea wapigaji wazee. Waliokuwa na wake wazee walisema anawaharibu kwa kuwachanganya na wasichana, maana nami nilikuwa nimeanza kupiga. Bartolomayo, mwanamume mwenye sauti kubwa kuliko akili, alisema dawa ni kofia. Lakini jambo moja walilikubali wote, na walikuwa na haki: baba alianza polepole mno. Aliimba kwanza wimbo wa kuwaita wazee waliokufa, mmoja mmoja, kwa majina, ngoma zikiwa kimya. Alipofika mwisho, bwana shauri alikuwa ameshatoa saa yake mfukoni.

“Uanze na ngoma,” walimwambia.

“Ngoma bila wazee ni gwaride,” baba alijibu. Alikuwa na kichwa kigumu, baba yangu. Nampenda mpaka leo, na alikuwa na kichwa kigumu.

Yangeishia kwenye kelele za pombe, kama si akida. Mwaka ule reli ilikuwa imeshapita Dodoma na inateremka kuelekea Saranda, na watu walikuwa wanatakiwa kila siku. Akida alikuja na kanzu yake nyeupe, akasimama mbele yetu, akasema bwana shauri amefurahishwa na ngoma. Kijiji kitakachoshinda hakitatoa mtu wa kuvunja mawe mpaka mavuno yaishe. Hakusema itakuwaje kwa watakaoshindwa, na hakuna aliyemuuliza.

Tulifanya mazoezi mpaka mapaja yakachubuka. Siku ya kuondoka, Ndahani alikuja na mwanawe wa pekee, Mwaluko, kijana mrefu aliyekuwa akiruka juu kuliko wote. Akamshika baba bega. “Wewe fisi kilema,” akamwambia, “leo fupisha huo wimbo. Nakuomba.” Neno la kuomba halikuwa la utani, na baba alilisikia. Nilimwona amelisikia.

Dodoma kulikuwa na wingu zito upande wa mashariki. Tulizipasha ngoma moto mpaka ngozi zikakaza, nikaigusa yangu kwa kidole ikalia yenyewe. Makutupora walimaliza, wakapigiwa makofi. Tukaingia. Baba akainua usinga, akafumba macho, akaanza kuita wazee.

Aliwaita wote. Nyuma yetu watu wetu walianza kunung’unika, kisha wakapiga kelele. “Ngoma! Matonya, ngoma!” Sauti ya Ndahani ilikuwa juu ya zote. Baba akamwita babu yake, akamwita na kaka wa babu yake. Tone la kwanza likanidondokea mkononi. Aliposhusha usinga ili tupige, mvua ilikuwa imeshatulowesha, na ngozi zikatoa sauti ya mtu anayekung’uta ngozi ya kulalia. Bwana shauri aliingia ndani. Askari mmoja alicheka mpaka akashika mbavu.

Kabla hatujarudi nyumbani, akida alikuwa ameshachagua watu. Alianza na warefu.

Habari za Mwaluko zililetwa na kijana aliyetoroka Saranda. Baruti ililipuka kabla ya wakati, mwamba ukawashukia. Msimamizi hakutaka kazi isimame, wakafukiwa pamoja ndani ya tuta la reli, na gari moshi likapita juu yao. Ndahani alilisikiliza hilo lote amesimama. Kisha akaja kwetu. Baba alitoka nje mikono wazi, kumpa pole, na mimi nilikuwa mlangoni.

“Mtani,” Ndahani akasema, “umeniulia mtoto kwa wimbo mrefu.” Akacheka.

Angefanya nini? Akimpiga baba, amevunja utani, na ukoo wake wote ungemgeuka. Akilia mbele yake, ni kama amemlaumu. Alibakiwa na kicheko tu. Baba naye alibakiwa na hichohicho, wakacheka wote wawili pale uani, mpaka mama akaniingiza ndani.

Baada ya hapo ndipo walipokuja kumzika. Ilikuwa shauri la Ndahani, lakini kijiji kizima kilikuwa kikilisubiri. Walikuwa wamechoka kupiga kelele “atoke” bila yeye kutoka, na kumwondoa kiongozi wa ngoma hakuna aliyejua kunafanywaje, kwa kuwa viongozi wote waliotangulia walitoka kwa kufa.

Walipomaliza kusimulia habari za marehemu, walibaki wameketi juu ya lile kaburi, hawaondoki. Ndiyo desturi: watani hawainuki mpaka wafiwa wawape kitu. Baba akainuka, bado anatabasamu, akaenda kumfungua beberu wetu mweupe. Mama akamfuata mbio.

“Baba Loisi, usiwape,” akasema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina langu. “Waache waketi mpaka wachoke. Ukiwapa, umekubali.”

“Ni utani tu, Mama Loisi. Nisipotoa, watasema nimekasirika.”

“Kasirika basi!”

Hakukasirika. Alitaka kuonyesha kuwa anajua kuchezewa, kuwa bado ni mwenzao. Akamkabidhi Ndahani kamba ya beberu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na Ndahani akaipokea kwa mikono miwili. Walimchinja palepale zizini. Nyama walikula wao, na baba hakupewa hata ini, kwa sababu marehemu hali.

Utani ule haukwisha jioni, kama utani unavyotakiwa. Kesho yake baba aliwasalimu “Mbukwa” watu waliokuwa wakienda shamba, wakatazamana. “Umesikia kitu?” mmoja akauliza. “Upepo,” mwenzake akajibu. Kwenye pombe, kibuyu kilipofika kwake kilimruka, na mgao wake ukamwagwa chini mbele ya miguu yake, kama wanavyomwagiwa wazee waliokufa. Wakasema, “Kunywa, mzee, utuombee.” Watoto walijifunza kumkimbia wakipiga mayowe. Yote yalifanywa kwa kicheko, hata mtu asingeweza kumshtaki yeyote kwa lolote. Baba alicheka mwezi wa kwanza. Baadaye akaacha kwenda kwenye pombe, na baadaye akaacha kutoka uani.

Bartolomayo akapewa uongozi. Akanunua kofia, akafuta wimbo wa wazee, na sikukuu iliyofuata akaanza na ngoma moja kwa moja, jua linawaka na ngozi zimekaza. Nilikuwemo, nilipiga kwa nguvu zangu zote, Mungu anisamehe, kwa kuwa kulikuwa na vijana wengine warefu. Tukawa wa mwisho kabisa. Makutupora walikuwa wanafanya yaleyale, ila wao walikuwa wanayajua. Njiani kurudi nilisubiri nimsikie angalau mmoja akisema jina la baba kwa wema. Walilisema. Walisema marehemu ametufunga kwa wivu.

Baba alikufa kiangazi cha mwaka huo. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikuwa amekaa palepale kivulini, na mama alipomletea maji, hakuyapokea.

Nilitumwa mimi kwa Ndahani. Nilimkuta mlangoni kwake anasokota kamba, amevaa ile kaniki ya baba, imeshapauka mabegani. Akanitazama nikija.

“Mbukwa, mwanangu,” akasema.

Nikaogopa. Hakuwahi kunisalimu hivyo. Siku zote nilikuwa binti wa fisi, nilikuwa panya wa ghalani. Nikapiga magoti nikamwambia baba amefariki na mama anawaita waje na jembe.

“Matonya tulishamzika,” akasema. “Tulichimba, tukalia, mkatupa beberu, tukala. Hatuziki mtu mara mbili.”

Nilingoja acheke. Nilimtazama mdomo nikingoja, kama mtu anavyongoja mvua.

“Ulikuwa utani, mtani,” nikasema.

“Mwaluko wangu hajazikwa hata mara moja.”

Akarudi kwenye kamba yake. Najua alikuwa amefiwa. Nimeambiwa hilo na watu wengi, na mchungaji pia, kwa miaka mingi, na kila mara nimejibu kuwa najua. Sijamsamehe.

Majirani walikuja, wakasimama nje ya zizi. Walikuwa na huruma, baadhi yao. Lakini mtani hajaigusa ardhi, nani angeigusa? Jua likapanda, maiti ikiwa ndani, imefunikwa kwa ngozi ya kulalia kwa kuwa kaniki yake nzuri ilikuwa mgongoni kwa mtu mwingine. Mama aliinuka. Akachukua jembe moja, akanitupia la pili.

Ardhi yetu wakati wa kiangazi humrudishia mtu jembe usoni. Tulijaribu karibu na lango, tukajaribu chini ya ukuta, ikatushinda. Palikuwa na mahali pamoja tu palipokuwa laini, na sote wawili tulikuwa tunapajua tangu mwanzo. Tukachimba pale. Magotini tuliukuta usinga. Singa zote zilikuwa zimeliwa na mchwa, umebaki mpini. Mama akaufuta udongo kwa kanga yake, akauweka kando, tukaendelea kuteremka.

Nyuma ya ukuta watu walikuwa wameanza kuzungumza, kwanza kwa kunong’ona, kisha kwa sauti za kawaida. Walikuwa wanabishana nani aongoze ngoma mwakani.