Mkwe Aliyeshika Mpira wa Petroli

Tangu amwoe Gati, Machage hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni wala kusema naye neno. Ndivyo wakwe wa Kikurya wanavyoheshimiana: huyu akija njia hii, yule anaingia shambani. Sasa leo walikuwa ndani ya gari moja, wawili tu, wametengwa na shuka iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva, na Machage alikuwa anatoka jasho kuliko injini.

Gati alikuwa hospitali mjini Tarime, uchungu wa mtoto wa kwanza umemshika tangu alfajiri. Aliomba kitu kimoja tu, mama yake awepo. Machage alimjibu kwamba hilo ni dogo, akachukua Land Rover ya kijiji cha ujamaa, mbio hadi Nyarero, kwa wakwe zake, kumleta.

Dogo! Land Rover hiyo injini yake ilikufa wakati wa mavuno, na Machage, fundi wa kijiji, akaipandikizia injini ya lori. Kabureta aliacha ile ile ndogo ya zamani. Pampu akaweka ya lori, kwa hesabu za mfugaji, kwamba ng'ombe mkubwa hunyweshwa maji mengi. Wenzake walimwambia aipunguze nguvu, akawacheka. Basi pampu ikawa inaisukumia kabureta petroli nyingi kuliko inavyoweza kuizuia. Walipomaliza mteremko wa kwanza gari lilipiga chafya, likatoa moshi mweusi, likazima, na petroli inachuruzika chini.

Alijaribu kuubana mpira wa petroli kwa waya. Akikaza, gari linakosa nguvu kilimani. Akilegeza, kabureta inafurika tena kwenye tambarare. Kilichotakiwa ni mkono wa mtu, ubane na kuachia kadiri ya njia, na mikono yake yote ilikuwa ya usukani. Kwa miguu wangefika giza limeingia. Alimfikiria Gati anavyoutazama mlango, akakaa barabarani, karibu alie.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka, pamoja na moshi wa kiko.

"Wewe gari," alisema Mama Nyamhanga, mkwe wake, "kama unataka mkono, si useme?"

Machage akaligeukia gari.

"Gari, mwambie huyo mwenye kiko akizime kwanza."

Basi ungesimama kando ya barabara ya Tarime siku ile ungeona mambo. Boneti imeng'olewa na kutupwa nyuma. Juu ya bati la tairi la mbele, kushoto, ameketi bibi mzima, shuka imemfunika kichwa, mpira wa petroli mkononi. Kulia, dereva ametoa shingo dirishani asimwone. Kilima kikija, Machage analiambia gari liachie. Tambarare ikija, analiambia libane. Na gari linajibu kwa sauti ya mwanamke kwamba limesikia, lisipigiwe kelele. Mbuzi walikimbia, na wachungaji wakakimbia pamoja nao. Injini ya lori, ilipopata kipimo chake, ilinguruma vizuri ajabu, hata Machage akajikuta anacheka kama mwehu. Kisha akasikia chini ya shuka kuna mwingine anacheka. Mama Nyamhanga aliliuliza gari kama huo ndio mwendo wake wote.

Hospitali, Mama Nyamhanga alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akaingia ndani akichechemea. Machage alibaki nje, ameugeukia ukuta kwa adabu, roho mkononi, mpaka kitoto kikalia. Baadaye nyayo zilikuja zikasimama nyuma yake.

"Machage."

Sauti ile haikuwahi kulitaja jina lake. Akazidi kuukodolea ukuta macho.

"Gati ameushika huu mkono mpaka mwisho, na petroli yake hiyo hiyo. Sasa geuka, mwanangu, umpokee mtoto. Vidole vyangu vimejikunja, nitamwangusha."

Akageuka. Uso ule, pamoja na masizi, ulikuwa wa Gati mtupu. Alinyoosha mikono akampokea binti yake, na mkwe wake akamshika kiwiko.