Nguo Nyeupe ya Kutosha Kilio

Mi siko mutu wa kununa, lakini mwaka muzima wa kuvaa nyeusi ulinifundisha. Ukivaa nyeusi hapa Kolwezi, batu banaona nguo, weye habakuoni. Madereva ba taksi-moto, zile pikipiki za kubeba batu, banapunguza mwendo. Bamama ku soko ya Manika banashusha sauti. Na mikate yangu ya kuuzisha, yenye batu balikuwa banaipigania asubuhi, ilianza kulala mu beseni, maana nani anataka kunywa chai na mikate ya kilio? Lakini kitu kiliniuma zaidi ni kicheko. Ninafika pahali batu banacheka, bote banafunga kinywa. Mwaka muzima hakuna mutu alinichekesha.

Bwana yangu René alikuwa muchimbaji. Shimo haikumuua, ni malaria. Nilimulilia, na ninamulilia mpaka leo, lakini machozi ilikuwa yangu, nguo nyeusi ilikuwa ya bukwe, ile jamaa ya bwana. Mu jamaa yake, batu ba Kasai, mambo iko hivi: siku ya kutosha kilio, ni kusema kuondoa matanga, mujane anafika mbele ya bukwe na nguo nyeupe safi, na dada mukubwa ya bwana anamumwangia poda nyeupe ku mabega. Imekwisha, iko huru. Akifika na rangi ingine, maana yake amejitafutia furaha mbele ya kupewa ruhusa, na banamurudisha mu nyeusi mwaka ingine. Huyo dada mukubwa, kwangu mi, ni Mama Yolande. Mungu anisamehe, lakini yule mwanamuke hata chumvi anaichunguza kama iko nyeupe kweli.

Asubuhi ya siku ile jirani yangu Fifi, mwenye kuniita yaya kama dada yake mukubwa, aliniambia: "Yaya Micheline, chukua taksi ya motokari, ya kufunga bioo. Ao beba nguo mu sashe ya plastiki, utavalia kule."

"Nivalie kule kama mwizi?" nikamujibu. "Mwaka muzima soko inaniona kama gunia ya makala. Leo banione."

Nikavaa nyeupe yangu, nikamuachia ile nyeusi aichome, nikapanda taksi-moto. Nilikaa ubavu, kama bibi-arusi, nikamuambia dereva apitie ku soko polepole. Bamama ba nyanya balinipungia mukono. Na mi nikapunga, kidogo tu, kama muke ya mukubwa wa serikali. Ningeishia pale, ningekuwa mutu wa akili.

Lakini kutoka soko mpaka kwa Mama Yolande kuna ile barabara ya udongo nyekundu yenye kamio, malori ya kubeba mawe ya mugodi, zinapitia, na tulikuwa mu kiangazi. Kamio ya kwanza ilipita, nikafunga macho. Ya pili, nikafunga kinywa. Zingine zikafuatana, na dereva, kijana wa adabu, akauliza: "Mama, tusimame kwanza?"

"Endesha," nikamuambia. "Bukwe habangojeshwi."

Nilishuka mbele ya lango, nikajiangalia. Nyeupe ilibakia mu kwapa tu.

Bukwe bote balikuwa chini ya hema. Mama Yolande alisimama na kopo yake ya poda mukononi.

"Micheline. Nani alikupa ruhusa ya nyekundu?"

"Iko nyeupe, Mama. Ni vumbi."

"Nyekundu ni rangi ya mwanamuke mwenye kutafuta bwana."

Tata Ntambwe, baba mudogo ya René, njo alikuwa wa kukata maneno. Alivaa miwani, akanizunguka. "Hii haiko nyekundu," akasema. "Iko ya machungwa." Shemeki mumoja akasema ni rangi ya matofali. Mwingine akasema hapana, ni kawa ya kunywa na maziwa. Mama mumoja akauliza: kama ni kawa ya maziwa, maana yake nini? Hakuna mutu alijua, lakini bote balianza kubishana. Na mi nimesimama pale ku jua, ninafikiria mwaka ingine wa batu kufunga kinywa. Niliogopa kweli. Singeuweza.

"Arudi mu nyeusi," Mama Yolande akasema. "Sheria ni sheria." Akapitisha kidole ku bega yangu, apate kubaonyesha batu ushahidi. Kidole ikatoka nyekundu. Akaiangalia. Halafu akaileta ku pua, akanusa.

"Alikuwa anarudia nyumbani hivi, kutoka ku shimo," akasema, na sauti ingine. "Mama yetu alikuwa anamufungia mulango. Anamuambia, René, acha rangi yako inje."

"Hata mi nilimuambia vile," nikasema. "Kila magaribi. Anaiingiza tu, mu mashuka, mpaka mu sukari. Alipokufa, batu ba kilio balikuwa banakuya, nikasafisha nyumba yote. Kiisha nikaitafuta ile vumbi yake, Mama, hata kidogo, hata chini ya kitanda. Haikukuwa tena."

Nililia pale pale. Baadaye baliniambia machozi ilichora mistari ku uso, na mu mistari nilikuwa safi kabisa.

Tata Ntambwe alitosha miwani ku macho, akaipangusa. "Basi ni yeye, René," akasema. "Amekuya mwenyewe kutosha kilio yake. Na hakunawa, kama kawaida."

Halafu Mama Yolande, yule wa chumvi, akacheka, akacheka mpaka kopo ikamuponyoka na poda yote ikanimwangikia. Nyeupe juu ya nyekundu, nikakuwa pinki. Na ku pinki hakuna mutu mu jamaa ile alikuwa na sheria. Balicheka mbele yangu, bila kufunga kinywa, na mi nikacheka nabo mpaka nikashika mbavu.

Kesho yake mikate iliisha mapema. Fifi alikuya na sabuni, akaona ile nguo ku musumari.

"Yaya, leta nikufulie. Hii vumbi inatoka na maji ya moto."

"Ninajua inatoka," nikamuambia. "Njo maana usiiguse."