Wa Kwanza kwenye Foleni

Asubuhi ile Saimi Hartikainen alikuwa ameshika mkia wa ng'ombe kwa mikono miwili, ameuvutia pembeni ili Daktari Kuosmanen apate nafasi ya kuingiza mkono mpaka begani. Ndama alikuwa anakuja kinyume, miguu ya nyuma imetangulia. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Taisto, baba yake Saimi, alisimama kando na ndoo ya maji ya moto, hasemi kitu. Taisto akiwa na wasiwasi huwa hasemi kitu. Akiwa hana wasiwasi pia hasemi sana.

"Kamba," daktari akasema.

Saimi alikuwa ameshamnyooshea.

"Vuta akisukuma. Akipumzika na wewe pumzika."

Wakavuta, wakapumzika, wakavuta. Ndama akateleza kwa mara moja, akaangukia kwenye majani makavu, akalala kama mzigo. Saimi akapiga magoti, akamsafisha pua, akamsugua mbavu kwa nguvu mpaka akapiga chafya. Jike. Taisto akaweka ndoo chini.

"Umemwona?" akamwambia daktari, kama vile Saimi hayupo. "Sijamfundisha mimi. Kazaliwa nayo."

"Nimemwona. Mimi mwaka wangu wa pili chuoni nilizimia kwenye hatua hiyo hiyo." Daktari alikuwa ananawa mikono, amebakiza miaka miwili astaafu na mgongo unamuuma. "Haya, leo wa ngapi?"

Hakuhitaji kusema wa ngapi wa nini. Mji mzima wa Kiuruvesi walikuwa wanajua. Dukani walikuwa wanauliza, kwenye kituo cha mafuta walikuwa wanauliza, hata mchungaji aliuliza siku ya mazishi ya mzee mmoja wa jirani, jeneza halijashushwa.

"Hatujaangalia bado," Taisto akasema. "Angalia, Saimi."

Saimi akafuta mkono kwenye ovaroli, akatoa simu, akaingia kwenye tovuti ya vyuo kwa namba zake za benki, maana katika nchi hii huwezi kufungua mlango wowote wa serikali bila namba za benki. Akatazama. Akatazama tena.

"Moja," akasema.

Ng'ombe akaanza kumlamba ndama wake. Taisto akavua kofia, akaivaa tena.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa Machi, wakati wa kuomba vyuo, kila mtoto anapanga anachotaka kwa mpangilio: cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Ukishapanga na muda ukapita, hubadilishi. Saimi alijaza fomu kwenye meza ya jikoni, baba yake kavuta kiti karibu. Alitaka kuandika jiolojia, elimu ya mawe, chuo cha Oulu, namba moja. Taisto akacheka, na Taisto hacheki ovyo. "Weka ng'ombe juu, mawe chini. Mawe siku zote hukaa chini." Saimi naye akacheka. Akaweka udaktari wa wanyama, Helsinki, namba moja, akajiambia: wanaingia wachache mno, mimi siwezi kuingia, nitakosa, halafu nitaenda Oulu bila ugomvi. Aliona ni zawadi ndogo tu ya kumpa baba, isiyomgharimu kitu.

Kosa lake ni kwamba mtihani alifanya vizuri. Hakujua kufanya mtihani vibaya kwa makusudi, na hata angejua, aibu isingemruhusu. Majibu yalipotoka, Oulu walimpa nafasi, na Helsinki walimweka kwenye foleni, wa kumi na nne.

Kupokea nafasi kuna namna mbili. Unaweza kupokea kwa masharti: Oulu ni yako, lakini jina lako linabaki kwenye foleni ya Helsinki, na mtu wa mbele akijitoa ukafikiwa, kompyuta inakuhamisha yenyewe, Oulu inafutika, kwisha. Au unaweza kupokea moja kwa moja, na jina lako linatoka kwenye foleni hapo hapo. Taisto alisimama nyuma ya kiti chake. "Bonyeza ya masharti." Akabonyeza. Kumi na nne ni mbali, alifikiri. Nani atakubali kuacha udaktari?

Kumbe wapo. Wakaacha mmoja mmoja, Juni nzima na Julai nzima. Kumi na moja. Nane. Nne. Taisto alikuwa anaandika namba kwenye kalenda ya jikoni kwa penseli ya fundi, pembeni ya tarehe za ng'ombe kuzaa. Foleni ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Leo ilikuwa Jumanne.

Wakakaa kunywa kahawa. Eija, mama yake Saimi, alikuwa ametoa mikate ya iliki kwenye oveni, na daktari akala miwili bila kusubiri kukaribishwa.

"Mmoja tu anabaki," akasema huku anatafuna. "Mmoja lazima ataacha. Mwaka wangu aliacha msichana mmoja siku ya mwisho kabisa, kapata mchumba Uswidi."

"Mungu ambariki huyo mchumba," Eija akasema.

"Saimi akimaliza chuo mimi nitakuwa kwenye kiti cha kubembea, lakini gari langu nitamwachia. Linanuka, ila linatembea."

Wakacheka wote. Saimi alitabasamu akaangalia kikombe. Taisto akachukua penseli yake, akaandika 1 kwenye kalenda, akaizungushia duara. Halafu akabaki amesimama pale, mgongo kwao.

"Mimi shule niliacha nina miaka kumi na sita," akauambia ukuta. "Baba yangu aliumia, ng'ombe hawawezi kusubiri. Sijutii. Lakini mwaka ule wa theluji nyingi ng'ombe watano walikufa na daktari hakufika, na nilisimama pale bandani sijui la kufanya. Sasa akija mtu kwa gari, akateremka, na huyo mtu ni wa kwetu..." Hakumaliza. Akatoka kwenda kuwasha trekta. Alikuwa na majani ya kukata kabla mvua haijaja.

Daktari akamwangalia Eija. "Nimemjua miaka thelathini. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia."

Baada ya daktari kuondoka, Saimi na mama yake wakaosha vyombo. Saimi anaosha, Eija anafuta. Saimi aliosha kikombe kimoja mara tatu.

"Mama."

"Mm."

"Nikijitoa je?"

"Kujitoa wapi?"

"Kwenye foleni."

Eija akaendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. "Shangazi yako kule Helsinki ameshapaka rangi chumba utakachokaa. Ya manjano. Kanitumia picha."

"Najua. Na mimi kanitumia."

"Ni hofu tu, Saimi. Mji mkubwa. Utazoea."

"Siogopi mji."

"Ni nini basi?"

Ungemuuliza Saimi kwa barua angekujibu kurasa nne. Kwa mdomo, maneno yalikuwa yanafika kooni yanageuka. Angesema nini? Kwamba tangu ana miaka kumi na mmoja alikuwa anatuma mawe kwa posta? Mama alijua hilo, yeye ndiye aliyekuwa anampeleka posta. Nchi hii mtu yeyote akiokota jiwe la ajabu anaweza kuwatumia wataalamu wa mawe wa serikali bila kulipa, na wao watalichunguza na kumjibu. Saimi alishatuma thelathini na moja. Thelathini alijibiwa kwa upole kwamba ahsante, ni jiwe la kawaida. La thelathini na moja, la kwenye ukingo wa shamba la kaskazini, lile ambalo jembe la baba liligonga likapinda, lilijibiwa kwa barua ya kurasa tatu, na mwezi uliofuata wakaja watu wawili na nyundo zao. Hawakupata madini ya kufungulia mgodi. Lakini kwenye ripoti yao, chini ya ramani, waliandika: mgunduzi, S. Hartikainen. Baba alisema tu, "Wamesafiri mbali kuangalia mawe? Si wangeyabeba yote." Saimi alikuwa amesoma mstari ule kitandani mpaka akaukariri, mstari wa maneno mawili na herufi moja. Ng'ombe alikuwa anawajua kwa sababu alikua nao. Mawe aliyajua kwa sababu aliyataka.

"Nataka Oulu," akasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Eija akaweka sahani. Akamgeukia binti yake, si kwa hasira.

"Basi sikiliza. Usiguse kitu. Subiri tu mpaka Ijumaa. Usipoitwa, utaenda Oulu, na hakuna wa kumlaumu. Baba yako atasikitika wiki moja, yataisha. Ukiitwa, basi ndivyo ilivyopangwa. Mwachie Mungu aamue."

"Siyo Mungu, mama. Ni kompyuta."

"Usinijibu hivyo."

"Samahani."

"Nakwambia njia isiyo na maumivu. Unajua baba yako alivyo. Atakaa kimya mpaka Krismasi."

Eija akatoka kwenda kuanika nguo. Saimi akabaki na maji yanayopoa. Njia ya mama ilikuwa nzuri, hilo hakubisha. Siku tatu tu, mikono mfukoni. Mtu wa mbele akishikilia nafasi yake, yote yatajimaliza yenyewe.

Lakini akajaribu kuiona hiyo Ijumaa. Saa tisa imepita, hajaitwa. Baba anafuta namba kwenye kalenda. Dukani wanasema: masikini, kakosa kwa mtu mmoja tu, sasa anaenda kusomea mawe. Mchungaji anamshika bega. Na miaka yote ya Oulu, kila atakaporudi nyumbani, atakuwa yule aliyekosa Helsinki. Kitu alichokipenda kuliko vyote kitaitwa kifuta machozi. Na yeye atanyamaza waamini hivyo, kwa sababu kunyamaza anakuweza kuliko kitu kingine chochote.

Na akiitwa, je? Atapanda treni kuelekea chumba cha manjano, achukue nafasi ambayo kuna mtu nyuma yake, namba mbili, ambaye labda sasa hivi anaitazama simu kila dakika, anaitaka kweli.

Akatoa mikono majini. Kitu kilichokuwa kifuani hakikuwa hofu, ilimchukua muda kukitambua. Alikuwa anajivunia. Wa kwanza kwenye foleni ya udaktari, kati ya watoto wa nchi nzima, binti wa Taisto wa Kiuruvesi asiyeweza kuagiza kahawa bila kunong'ona. Aliweza. Na kwa kuwa aliweza, sasa hata akiacha, hakuna atakayesema ameshindwa. Ila ilibidi aache leo, angali namba moja, kabla kompyuta haijamsemea.

Akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, jua usoni. Akaingia kwa namba za benki, akakosea mara moja, akaingiza tena. Oulu, jiolojia: umepokea kwa masharti. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kupokea moja kwa moja, alichokuwa anakipita wiki zote hizi kama unavyopita mlango wa jirani. Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, ikamweleza kwamba jina lake litatoka kwenye foleni na kwamba halitarudi. Akasoma mpaka mwisho, kwa sababu yeye husoma kila kitu mpaka mwisho. Akabonyeza ndiyo.

Ile namba moja ikatoweka. Pakabaki mstari mmoja tu na jina lake.

Mama alikuwa kwenye kamba ya nguo, pini mdomoni. Alimwona uso, akajua. Akatoa pini.

"Tayari?"

"Tayari."

Eija akashusha pumzi ndefu. "Mwambie wewe mwenyewe. Mimi simwambii."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi, asije akasikia dukani." Akatundika shati, akalinyoosha mabega. Halafu akasema, mgongo umegeuka, "Oulu kuna baridi zaidi. Nitakufumia soksi nyingine."

Trekta ilikuwa shamba la mbali, inakwenda na kurudi. Saimi angeweza kutembea mpaka pale, lakini alijijua: angefika, injini ingezimwa, baba angemwangalia, na maneno yangegeuka. Kwa kuandika hayageuki. Akaandika, akafuta, akaandika tena, na safari hii hakufuta:

"Baba. Nimepokea Oulu moja kwa moja na nimejitoa kwenye foleni ya Helsinki. Nimejitoa nikiwa namba moja. Sikukosa, nimechagua. Ndama wa leo nilifurahi kumtoa na nitakusaidia mpaka nitakapoondoka, lakini mawe ndiyo kazi yangu. Ningepaswa kukwambia mwezi wa Machi, hilo kosa ni langu. Wakikuuliza dukani waambie hivyo hivyo nilivyoandika. Saimi."

Akatuma.

Alama moja. Alama mbili. Zikawa za buluu.

Kule mbali trekta ikasimama katikati ya mstari, nusu ya shamba imekatwa, nusu bado. Ikakaa hapo na injini inaunguruma. Saimi alisimama wima kwenye ngazi, mikono pembeni, aonekane vizuri kama baba angegeuza kichwa. Neno "anaandika" likatokea juu ya simu, likapotea. Likatokea tena. Likapotea.

Halafu trekta ikaondoka, ikaendelea kukata, mstari umenyooka.