Pumzi ya Kidole Kimoja

Nianze na kosa, maana nikianzia mbali mtadhani najitetea. Kosa lilikuwa neno moja, na niliyeliandika ni mimi, kwenye daftari la karakana: "Pumzi, kidole kimoja."

Karakana yetu inatengeneza vitu vya hewa. Si maputo, tafadhali, nimechoka kuulizwa maputo. Tunatengeneza mito inayomgeuza mgonjwa polepole asipate vidonda mgongoni, mikanda inayomshikilia mtu asiyeweza kukaa wima, soksi zinazokanda miguu iliyovimba. Vyote ni vya raba laini, vina mirija myembamba na pampu ndogo inayonguruma chinichini. Mchana jua likiingia dirishani, vitu hivyo vinajaa na kunywea mezani, kila kimoja kwa wakati wake. Ukiviangalia sana unaanza kusinzia, hujui tena kama anayepumua ni wewe au ni vyenyewe.

Tuko wawili tu. Mimi nachora, nakata na kushona. Mwenzangu tunamwita Valvu, kwa sababu mirija na pampu na valvu za kufungulia na kufungia hewa zote ni zake. Zamani alikuwa fundi wa mafriji, na mpaka leo ukiongea naye anakuinamishia sikio kama anayesikiliza unavujia wapi.

Baba yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Fundi Pindo, na pindo zake kweli hata ukizitafuta kwa tochi huzioni. Mwaka jana kiharusi kilimpitia upande wa kushoto. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, lakini mkono ukabaki umelala pajani, umelegea. Na mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kwenda kwenye sindano.

Kila asubuhi aliipangusa cherehani yake kwa mkono mzima, akaitia mafuta, akakaa kando yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Halafu siku moja, bila hata kunitazama, akasema, "Mwambie mtoto wa shangazi yako aje aichukue. Jumamosi."

"Aipeleke wapi?"

"Akashonee. Si anataka kujifunza?"

Roho ilinipasuka, nisiwafiche. Nilijua cherehani ile ikitoka, atakayebaki mle chumbani ni mtu anayetazamana na ukuta.

"Baba, nipe hiyo wiki," nikasema. "Nitakutengenezea mkono."

"Umekuwa mkubwa siku hizi." Akafikiri. "Haya. Nitajaribu mara tatu. Ya nne usiniombe."

Basi nikachora glovu. Mgongoni mwa kila kidole niliweka mrija wa raba wenye vyumba vidogo vidogo, hewa ikiingia mrija unajikunja, na kidole kinajikunja nao. Hewa ikitoka, kidole kinalegea. Sasa, Baba ndiye aliyenifundisha kushona nikiwa hata meza siifikii, na kwake ile nafasi unayomwachia mtu ndani ya nguo ili isimbane inaitwa pumzi. Sijasikia fundi mwingine akiiita hivyo. "Kwapani pumzi ya vidole viwili," angesema, "shingoni kidole kimoja." Nami nikaandika daftarini kama nilivyozoea toka utotoni.

Valvu akasoma. Kwake yeye pumzi ni hewa, basi. Akatega valvu zake zijaze kidole kimoja.

Jumatatu tukamvisha Baba glovu, amekaa dirishani, mkono tumeuegemeza ukingoni, nikawasha pampu. Vidole vinne kimya. Kidole cha shahada peke yake kikajikunja, kikalegea, kikajikunja tena, taratibu, kwa madaha. Ng'ambo ya barabara jirani yetu, mama mtu mzima na heshima zake, alikuwa anaanua nguo. Akaona Fundi Pindo anamwita kwa kidole. Akaweka beseni chini, akashika kiuno.

"Zima!" Baba akasema. "Zima kabla hajavuka!"

Valvu alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliutazama mkono wake pale ukingoni, akasema polepole, "Yaani mkono wangu mwenyewe ndio wa kuniaibisha." Mara ya kwanza ikawa imekwenda hivyo.

Njiani nilimbwatukia Valvu hadi watu wakageuka. "Pumzi kwako ni nini wewe?"

"Hewa, dada. Kwako ni nini?"

Nikamwambia kwa ukali ni nafasi ndani ya nguo. Nilifika karakana nikalikata lile neno daftarini kwa kalamu, mistari mitatu.

Jumatano glovu ilikuja na vidole vyote vitano, inafumba sekunde mbili, inafumbua sekunde mbili, imepangwa kwa saa. Ilifanya kazi vizuri mno, nikaanza kujisifu kabla ya wakati. Baba akakaa kwenye cherehani, kitambaa mbele yake, miguu ikaanza kukanyaga. Na glovu ikamshikia kitambaa pale sindano ilipotaka aachie, ikakiachia pale alipotaka kukishika. Mshono ukaenda upogo, ukatoka nje kabisa.

Akasimamisha miguu. "Nani huyu anayenishika mkono?"

"Ni glovu, Baba."

"Si mkono wangu. Ni wa mtu mwingine, na huyo mtu hajui kushona."

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. "Basi mpe binamu hiyo cherehani yako," nikasema, "ukae uangalie ukuta!" Nikatoka. Sikufika hata mlango wa nje, majuto yakanikaba. Lakini nilirudi kumwomba radhi? Sikurudi.

Ijumaa mchana Valvu alikuwa ametoka kutafuta mirija. Nikavaa glovu ile mwenyewe nione inakosea wapi, nikawasha pampu, nikalaza kichwa kwenye mto mmoja wa wagonjwa. Mto ukaniinua, ukanishusha, na usingizi ukanichukua hivyo hivyo.

Nikajiona mdogo, nimesimama kati ya Baba na cherehani. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na wangu juu ya kitambaa. Kitambaa hakikuwa na mwisho. Kilitoka dirishani, kikashuka barabarani, kikapita juu ya paa za nyumba, nasi tunakishona tu bila haraka, na nyumba nazo zikawa zinajaa na kunywea. Nilisikia kifua cha Baba mgongoni kwangu. Kikipanda, mkono wake unashika. Kikishuka, mkono unaachia, kitambaa kinasogea. "Ukivuta, shika," alikuwa akisema juu ya nywele zangu. "Ukitoa, achia. Kwenye kona, tulia kwanza." Nilitamani nisiamke, wallahi.

Nikafumbua macho. Valvu amesimama na mirija yake begani.

"Valvu, pumzi ni nini?"

Akarudi nyuma. "Nimekosea nini tena?"

"Nijibu!"

"Ni hewa. Au... ni ile nafasi mnayoacha kwenye nguo."

"Na nyingine?"

Akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kugombana.

"Hiyo!" nikapiga kelele. "Hiyo hiyo uliyoishusha!"

Tulifanya kazi mpaka jioni, na Jumamosi tukaamkia hapo hapo. Tulitengeneza mkanda laini wa kuzunguka mbavu. Kifua kikipanda kinaukandamiza, na valvu inafunguka, hewa inakwenda kwenye vidole. Kikishuka, vidole vinaachiwa. Saa tukaing'oa kabisa.

Saa tisa binamu alikuwa ameshafika na mkokoteni. Nikamwambia asubiri mlangoni. Kwanza nilipiga magoti mbele ya Baba. "Nisamehe kwa maneno ya juzi."

"Maneno gani?" akasema, na alijua vizuri sana. "Nivishe."

Nikamfunga mkanda mbavuni, nikamvisha glovu. Akavuta pumzi. Vidole vikajikunja. Akaitoa, vikalegea. Akaibana, vidole vikangoja pamoja naye. Akaiachia. Akarudia mara nyingi, macho yake yapo kwenye ule mkono, mpaka chumba kizima nikaona kama kinapanda na kushuka naye.

"Ahaa," akauambia mkono. "Kumbe ulikuwepo."

Akakanyaga. Kitambaa kikaanza kusogea, kidogo kidogo. Alipofika kwenye kona akabana pumzi, kama alivyokuwa akifanya siku zote, tangu sijazaliwa. Mkono ukatulia. Akageuza kitambaa, akatoa pumzi, akaendelea. Mimi ndiye niliyesahau kupumua.

Akaunyanyua mshono kwenye mwanga. Ulikuwa na kiwimbi katikati. "Mshono wa mwanafunzi," akasema. Akaupitishia kidole. "Lakini nimeushona mimi."

Binamu akachungulia. "Mjomba, niibebe?"

"Ubebe nini? Huoni mtu yuko kazini? Ukitaka kujifunza, vuta stuli."

Halafu akaigeuza ile glovu huku na huku, akakunja uso. "Hii kaishona nani?"

"Mimi, Baba."

"Dole gumba halina pumzi hata kidogo. Nilikufundisha hivi?"

Nikakumbuka ile mistari mitatu niliyolikatia lile neno daftarini.

"Nitaishona upya," akasema. "Lete mkono wako nipimie, vidole vyetu ni vya aina moja."

Nikampa mkono. Hakuchukua futi. Aliuweka kwenye mkono wa kushoto, ule wa glovu, akavuta pumzi, na vidole vyake vikanizunguka, laini, vina joto. Tangu augue alikuwa hajanishika. Kifua chake kikipanda nilikisikia kiganjani mwangu.

"Sasa unalia nini?"

"Umenibana."

"Muongo wewe," Baba akasema. "Nimekuachia pumzi ya kidole kimoja."